Kijiti Kisichofanana na Mwenzake

Vilirudi vikiwa katika kitambaa kilekile nilichovifungia. Vijiti 24 vya kusukia lesi, vyote vya mpingo, kila kimoja kikiwa na mfereji uliopanda kwa kuzunguka kutoka mkiani hadi shingoni, kama mmea mtambazi uliokumbatia mti. Nilikuwa nimevikereza kwa wiki tatu na kuvipaka vanishi mpaka vikawaka. Mama aliyeniagiza, msusi wa lesi tangu ujanani mwake, alivitoa kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. Kisha akasema, "Vizuri sana, mwanangu. Viweke kabatini."

Fundi seremala akiambiwa kiti chake kikae kabatini, anajua ametukanwa kwa adabu. Nikamuuliza, "Mama, vina kasoro gani?" Hakujibu. Alinivutia kiti, akanisogezea mto wake, akavisha nyuzi vijiti vyangu vinane, akasema nisuke mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza kusuka kiasi cha kutojiaibisha. Zilipita kama dakika 10, na ndani yake nilikata uzi mara mbili, kijiti kimoja kikashuka polepole hadi sakafuni kama buibui, na mama akawa anaangalia dirishani ili asicheke.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi hii: kuna lesi ya sindano, na kuna lesi ya vijiti. Hii ya pili haina sindano wala kitanda cha mfumi. Kuna mto mgumu, kiolezo cha karatasi nene kilichotobolewa matundu, pini zinazochomekwa kwenye matundu hayo, na nyuzi nyingi, kila uzi umezungushwa kwenye kijiti chake. Msusi ana miendo miwili tu. Wa kwanza ni kuvusha: katika vijiti vinne vilivyo mbele yake, cha pili kutoka kushoto kinapita juu ya cha tatu. Wa pili ni kusokota: katika kila jozi, cha kulia kinapita juu ya cha kushoto. Basi. Maua, buibui, ndege, majani, herufi za majina ya wafalme, vyote vimetoka katika miendo hiyo miwili, ikipangwa na kupanguliwa. Violezo vya kazi hii vilikwisha kuchapwa kitabuni mjini Venice mwaka 1557, na vingine Zurich mwaka 1561, na msusi wa leo akiketi navyo anajua la kufanya.

Wengi huviita bobini, neno tulilozoea katika cherehani. Mimi nasema vijiti. Bobini ya cherehani hukaa gizani chini ya sindano, hakuna anayeishika mpaka uzi uishe. Hiki hushikwa mchana kutwa. Kina kichwa, shingo, kiwiliwili na mkia, na kina kazi tatu kwa wakati mmoja: ni ghala la uzi, ni mpini wa kuushikia, na ni jiwe la mizani linalouvuta uzi ukae wima bila kulegea. Ukikosea moja kati ya hizo tatu, umetengeneza pambo.

Mimi nilikosea zote. Mpingo ni mti mzito, gogo lake ukilitia majini linazama, na uzi niliopewa ulikuwa pamba nyembamba kama unywele wa mtoto. Kila kijiti kilipofika ukingoni mwa mto kikaning'inia, uzi ulibeba mzigo usio wake. Vanishi niliyoipaka hadi shingoni ilikuwa kosa la pili. Uzi haufungwi fundo kwenye kijiti. Unazungushwa shingoni, kisha unapigwa kitanzi kimoja chini ya kichwa, na kitanzi hicho ndicho breki: ukikibingirisha kijiti kidogo kinaachia uzi kadiri unavyotaka, ukikiacha kinakamata. Shingo ikiteleza kama kioo hakuna cha kukamata, na ndiyo habari ya yule buibui wangu. Na ile mifereji, fahari yangu, ilidaka nyuzi za majirani kila kijiti kilipovuka mwenzake.

Mwacha mila ni mtumwa, nikajiambia nikirudi kwenye kerezo. Nilikuwa nimejitia ubunifu kabla ya adabu. Nikaamua kuitafuta mila niifuate kama ilivyo, neno kwa neno, nikereze kijiti cha asili. Shida ilianzia hapo, maana nilipoitafuta mila niliikuta iko zaidi ya kumi, na zinakanushana.

Nilianza na Honiton, katika kaunti ya Devon, Uingereza. Kijiti chao ni chembamba, laini, hakina shanga wala uvimbe, na mkia wake umechongoka kama penseli. Lesi iliyotumika katika harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840 ilisukwa kwa vijiti vya namna hii katika kijiji cha Beer kwenye kaunti hiyohiyo. Unaweza kudhani uchongoki ule ni mapambo. Lesi ya Honiton husukwa vipande vipande, ua moja hapa, jani moja pale, kisha vipande huunganishwa mtoni hapohapo: msusi huuchomoa uzi kwa ncha ya sindano kupitia ukingo wa kipande kilichokwisha kusukwa, unakuwa kitanzi, halafu kijiti kizima kinapitishwa ndani ya kitanzi hicho. Hapo ndipo ncha inapolipa kodi yake. Kijiti chenye shanga kingekwama kama ngamia kwenye tundu la sindano.

Kule Flanders nchini Ubelgiji, mjini Bruges na mazingira yake, kijiti kina tumbo karibu na mkia, kama pea iliyorefushwa. Mto ni bapa, vijiti hulala juu yake, na msusi huvisukuma viganja vikitazama chini, haviinui. Tumbo lile linaweka uzito mbali na uzi, nyuma, ambako hautikisi kazi. Nilipokereza cha kwanza nilidhani nimekosea kipimo, kikaonekana kama mtu aliyeshiba upande mmoja. Nilipokiweka kwenye mto bapa kilitulia. Nilipokiweka kwenye mto wa mviringo kilikimbia.

Kwenye milima ya Erzgebirge, Ujerumani, mji wa Annaberg unamkumbuka Barbara Uttmann, mfanyabiashara wa karne ya 16 aliyewapa kazi ya lesi wanawake wa eneo lile la machimbo ya fedha. Vijiti vya huko vimevaa koti: bomba jembamba la mbao linalofunika uzi wote ulio shingoni, uzi mweupe usiguswe na kidole chenye jasho wala vumbi. Kukereza bomba hilo bila kulipasua ni kazi inayofundisha unyenyekevu. Nilipasua saba. Hispania mto ni mrefu, umeegemezwa, na vijiti vinaning'inia mbele vikigongana kwa sauti ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau, huko Catalonia hata mbao za mti uitwao boksi huchaguliwa kwa ugumu wake. Ceará, Brazili, ambako ufundi ulifika pamoja na Wareno, kuna vijiti ambavyo mkia wake ni mbegu ngumu ya mti wa jamii ya mchikichi iliyochomekwa kwenye ujiti, na mahali pa pini wanatumia miiba ya mandakaru, kaktasi wa huko. Hakuna aliyewaambia kuwa wanaharibu asili. Walitumia kilichokuwapo, na lesi ikatoka.

Baada ya miezi ya kuiga nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nauliza swali baya. Kila umbo nililolikereza lilikuwa jibu. Mto ukoje? Uzi una unene gani? Kijiti kinalala au kinaning'inia? Kinapita kitanzini au hakipiti? Ukijua maswali hayo, hata usiyewahi kuona kijiti cha Honiton unaweza kukikisia nusu yake. Mila ya umbo, kwa hiyo, haikunitisha tena. Ilikuwa ni hesabu ya watu wengi waliokata nyuzi nyingi kabla yangu.

Kisha nikafika kwenye vijiti vya kaunti za Bedfordshire, Buckinghamshire na Northamptonshire, Uingereza, na hesabu yangu ikavurugika.

Kwa mwonekano wa jumla vinafanana: vyembamba, urefu wa kama sentimita 10, shingo ndefu, kichwa maradufu, na mkiani pete ya waya yenye shanga za kioo. Pete hiyo ina sababu yake. Kijiti chembamba ni chepesi na kinabingirika. Shanga zinakipa uzito, na zile za pembeni ni za pembe nne, zilizobanwa zikiwa bado laini kwa moto ili ziwe na nyuso bapa zenye mikwaruzo, zisigeuke hovyo juu ya mto. Hadi hapo ni sababu za kazi, kama kwingine. Lakini juu ya mwili huohuo mmoja kuna karamu. Kuna wanachokiita chui, mbao iliyotiwa madoadoa ya bati. Kuna chui milia, iliyovishwa pete za bati. Kuna kipepeo, ambacho bati lake limekatwa kama mbawa zilizokunjuliwa. Kuna dirisha la kanisa, kiwiliwili kilichotobolewa matundu marefu hadi unaona upande wa pili. Kuna mama na mtoto, ambacho ndani ya madirisha hayo anacheza kijiti kidogo mfano wa mama yake, amekerezwa kwa ukubwa wa punje. Kuna ng'ombe mwenye mimba, ambacho ukikivuta kinaachana vipande viwili, na ndani yake ndama. Kuna vya mifupa vilivyoandikwa majina na tarehe kwa vitone vilivyotobolewa na kujazwa rangi nyekundu, nyeusi au buluu. Kwenye pete za shanga utakuta kifungo cha shati, kombe la pwani, sarafu.

Halafu kusini ya Buckinghamshire hiyohiyo, mwendo wa siku moja kwa miguu, utakuta vijiti vinene, vifupi, visivyo na ushanga hata mmoja. Kaunti moja, mila mbili.

Nilimpelekea mama picha za vijiti hivyo nikiwa na hoja yangu tayari: unaona, mama, hawa nao walipamba, tena kuliko mimi, na lesi yao ilikuwa miongoni mwa nyembamba za Ulaya. Aliziangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Wewe ukiwa na watoto 60 darasani, ungetaka wote wawe na sura moja?"

Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa nilipoanza kusuka kazi yenye jozi 30.

Ukiwa na vijiti vingi mtoni, huangalii nyuzi. Nyuzi ni nyembamba, ziko nyingi, na macho yanachoka. Unaangalia vijiti. Unajua kwamba chui yuko kushoto kwa mfupa wenye shanga za buluu, na kwamba yule mwenye kifungo cheupe ndiye anayesafiri kutoka ukingo hadi ukingo. Ukimwona chui amekaa mahali pasipo pake, umekosea safu iliyopita, na umejua kabla lesi haijakuambia. Tofauti ya vijiti si ziada iliyopachikwa juu ya kazi. Ni kumbukumbu iliyotolewa kichwani na kuwekwa vidoleni. Kwa watu wa kaunti zile, kijiti kisichofanana na mwenzake ndicho kijiti cha mila. Fundi aliyewakerezea 60 vinavyofanana kama risasi, hata kama kila kimoja kimefuata kipimo cha mababu, angekuwa amewaletea jambo geni.

Kuna mzozo wa siku hizi unaohusiana na hili ambao siwezi kuupita. Wanunuzi wengi wa vijiti hutaka jozi: viwili viwili vya mti mmoja, nakshi moja, shanga moja. Wapo wanaosema jozi ni uzushi wa wapenda mapambo. Wapo wanaosema bila jozi hakuna mpangilio. Chukua vijiti viwili vyeusi uviweke kushoto, viwili vyeupe kulia, ujaribu mwenyewe. Vusha, sokota, vusha. Tazama: vyeupe vyote viwili sasa viko kushoto, vyeusi vyote viwili kulia. Jozi zimepishana lakini ndoa hazijavunjika. Rudisha vilivyokuwa, kisha vusha na kusokota tu, usivushe tena. Sasa una cheupe, cheusi, cheupe, cheusi. Kila jozi imechanganyika na nyingine, na ukiendelea hivyo upana wote wa kazi, utapata ule wavu mwepesi unaopitisha mwanga ambao wasusi huutumia kutia kivuli kwenye jani, na jozi zako za dukani zitakuwa zimetawanyika mto mzima. Kwa hiyo wote wana haki na wote wana kasoro. Jozi humsaidia anayejifunza, kwa sababu katika pigo la kwanza ndoa ikivunjika anajua amekosea palepale. Katika pigo la pili hazimsaidii kitu. Mimi siku hizi nakereza jozi kwa wanaoanza tu, na nawaambia mapema kwamba talaka itakuja.

Nirudi kwenye maandishi, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mafundi wa karne ya 19 katika kaunti zile walikuwa na mikono inayotambulika. Ukoo wa Compton wa kijiji cha Deanshanger, kwa mfano, watu wanaojua vijiti huutambua kwa namna ya herufi na umbo la kichwa, ingawa vijiti havikutiwa sahihi. Walioandikisha waliandikisha majina ya wachumba, ya watoto, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, ombi la busu. Kijiti kilikuwa zawadi ya mvulana asiye na pesa ya pete. Hayo yote yanapendeza na yanauzika.

Lakini kuna vingine. Huko Bedford, mtu aliponyongwa hadharani, vilikerezwa vijiti vya ukumbusho. Kuna chenye jina la Joseph Castle na mwaka 1860. Kuna chenye jina la William Worsley na mwaka 1868, ambaye ndiye wa mwisho kunyongwa mbele ya umma mjini humo. Mwaka huohuo Uingereza iliacha kunyonga watu hadharani. Hebu fikiria mwanamke ameketi na mto wake, anasuka ukingo wa kofia ya kubatizia mtoto, na kati ya vidole vyake kinapita kijiti chenye jina la muuaji, kwa vitone vyekundu, kati ya kile cha mchumba na kile cha marehemu mama yake. Sijui fundi wa leo ambaye angethubutu. Leo tunaviona vijiti hivyo kwenye majumba ya makumbusho tukiviita vya jadi. Vilipotoka kwenye kerezo vilikuwa habari ya wiki hiyo.

Nadhani kabati lina lawama katika hili. John Heathcoat alipata hataza ya mashine yake ya wavu mwaka 1809, na katika miongo iliyofuata mashine zilijifunza kuiga karibu kila kitu ambacho vidole vilikuwa vikifanya. Kufikia mwisho wa karne ile msusi wa mkono alikuwa hawezi kushindana kwa bei. Vijiti vikabaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi huhifadhiwa kwa uzuri wake. Kilichofika kwetu kikiwa kimefungwa vizuri ni chui, vipepeo, mama na watoto, vile vyenye majina. Vijiti vyepesi visivyo na nakshi, vilivyofanya kazi nyingi zaidi pengine, nani angevitunza? Ufundi ulipopata watu wapya, chama cha wasusi wa Uingereza kikiundwa mwaka 1976, na shirikisho la kimataifa la lesi mwaka 1982, mafundi wakereza wapya waliangalia kilichokuwa kabatini wakakiita asili. Slovenia mambo yalikwenda vingine: Idrija ina shule ya lesi tangu mwaka 1876, mikono haikukatika, na usukaji wa lesi wa nchi hiyo ukaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi mwaka 2018. Ukiviona vijiti vya Idrija utashangaa. Ni vya kawaida kabisa, vinafanana, havina cha kuoneshea wageni. Vinatumika.

Kuhusu mambo mapya yanayotoka siku hizi nina maoni makali kiasi, na nimeshayabadilisha mara mbili, kwa hiyo yachukue kwa tahadhari. Vijiti vya plastiki ngumu ya rangi sina ugomvi navyo. Havipindi, havili unyevu, na ukizingatia uzito vinasuka vizuri. Vya kiwiliwili cha pembe nne navipenda, kwa sababu fundi aliyeviwaza alijiuliza shanga zinafanya kazi gani, akajibu swali hilohilo kwa njia nyingine: kisichobingirika hakihitaji cha kukizuia. Vya utomvu vyenye ua kavu ndani vinapendeza, ila wengi huvinenepesha ili ua lionekane, na vinene 40 mtoni ni msongamano wa magari. Pembe ya ndovu sitaki kuisikia, hata ya zamani. Na vile vinavyochapwa na mashine ya pande tatu vina kasoro ya mistari midogo shingoni ambayo inasaga uzi. Nimevisugua kwa msasa vikawa sawa, ila ukishakaa unasugua kila kimoja kwa mkono, umerudi kule ulikokimbia.

Linalonikera zaidi ni vijiti vinavyonadiwa kuwa ni vya jadi huku shingo zake fupi kama za bundi. Nakshi zote za karne ya 19 zipo, chui yupo, shanga za pembe nne zipo, halafu uzi unaoingia hautoshi hata kumaliza kona ya kitambaa cha mkono. Vimefuata kila kitu kinachoonekana pichani, na shingo haionekani pichani kwa sababu kwenye kijiti cha zamani huwa imefunikwa na uzi.

Mchoro wa msusi wa lesi wa Mholanzi Vermeer, ule wa mwaka 1669 au 1670 ulioko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, una kimo cha sentimita 24 tu. Niliutazama kwa ajili ya vijiti, kama mkereza yeyote angefanya, na ndani yake vijiti ni vitu viwili vyembamba kati ya vidole, karibu hakuna kitu. Macho yote ya yule mwanamke yako kwenye nyuzi mbili zilizonyooka kama herufi V. Mchoraji alijua zinanyooshwa na nini.

Seti ya pili nilikereza kwa mti wa plamu, wenye nyuzi za mbao zilizobana na uzito wa wastani. Nilianza na shingo. Nilikata shingo za vijiti vyote 24 kwanza, kwa kipimo kimoja, nikazilainisha kwa msasa mwembamba nikaishia hapo, bila vanishi, kwa kuwa vidole vyenyewe vitazing'arisha kwa miaka. Kisha nikapima uzito wa kila kimoja kwenye mizani ndogo, nikapunguza tumbo pale palipozidi. Baada ya hapo ndipo nilipojipa ruhusa. Kiwiliwili, kati ya shingo na mkia, ni uwanja wa mkereza, na hapo sikurudia kitu hata mara moja. Kimoja kina pete tatu, kingine kimechomwa kwa waya wa moto, kingine kina bati, kingine nimeacha ganda la mti upande mmoja. Mfereji wangu wa kuzunguka niliurudisha pia, ila haukukatwa. Niliuchora kwa wino, ukipita juu ya mbao laini, uzi unateleza juu yake bila kujua upo.

Mama alivichukua akavisuka siku ile ile. Hakusema ni vizuri. Baada ya kama saa moja aliniambia nilete vile vya mpingo.

Nilivitoa kabatini. Alichagua kimoja, akaniomba nikipunguze kiwiliwili hadi kiwe chembamba kama wenzake na niikwangue vanishi shingoni. Nilikifanya palepale kwa kisu na msasa, bila kerezo, na mkono uliteleza mara moja ukaacha alama karibu na mkia, ambako bado unaona mabaki ya ule mfereji wa zamani. Nikataka kukitupa. Akakichukua. Ni cheusi peke yake katikati ya mbao nyekundu, huwezi kukipoteza machoni hata ukitaka, na anakitumia kwa uzi ule unaosafiri kutoka ukingo hadi ukingo. Anakiita Kovu. Kwenye kitambaa anachosuka sasa, safu ikiharibika, husikika akimuuliza Kovu amekwenda wapi.